Ukiagiza ugali wa mtama, utaulizwa unaumwa nini

Saa saba mchana mjini Singida, hoteli za kando ya barabara na vibanda vya mama lishe huwa vimejaa. Mhudumu anapita mezani akitaja vilivyopo kwa mkupuo mmoja: wali maharage, wali nyama, ugali nyama, ugali samaki, ugali kuku, chipsi kavu, chipsi mayai. Mteja anauliza kama kuna ugali wa mtama, au basi hata dona. Mhudumu anamtazama kidogo, kisha anashusha sauti ili wa meza ya pili asisikie: "Pole. Una sukari?"

Swali hilo halina ubaya. Linatokana na utu, na pengine mara nyingi hupata jibu la ndiyo. Ila linaonyesha yaliyoukuta mtama. Umebaki na makao mawili tu, kijijini kwa bibi na kwenye karatasi ya ushauri ya kliniki. Hotelini, mbele ya mtu mzima mwenye afya yake na hela yake mfukoni, hauna kiti. Na kadiri utakavyoendelea kuuzwa kama dozi, hautakuwa nacho, kwa sababu hakuna anayetoka nyumbani na wenzake siku ya mshahara kwenda kunywa dawa.

Swali kama hilo lingeulizwa Kariakoo, Dar es Salaam, lingeeleweka. Singida ni jambo lingine. Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili, na miaka mingi mvua yenyewe haifiki milimita 800. Udongo sehemu kubwa ni wa kichanga, umelala katikati ya majabali makubwa ambayo mgeni huyapiga picha na mwenyeji huanikia mboga juu yake. Ardhi ya namna hiyo ndiyo iliyowalea Wanyaturu, Wanyiramba na, kusini upande wa Manyoni, Wagogo, kwa mtama, uwele, ulezi, njugu mawe, kunde, karanga na viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kukaushwa kuwa michembe. Ongeza vitunguu, alizeti, asali ya vichaka vya Itigi, maziwa ya mgando, ubuyu na ukwaju. Mtaalamu wa lishe akiambiwa aandike orodha ya bidhaa za duka la vyakula vya afya, ataandika karibu orodha hiyo hiyo.

Na huko ughaibuni wameshaiandika. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu kuuzwa kama chakula kipya, yaani kipya kwao, na tangu hapo unauzwa kwenye vikopo vidogo kwa bei ambayo mtoto wa Singida anayefyonza ubuyu njiani akitoka shule hawezi kuiamini. Kampuni ya Marekani ya Whole Foods Market, iliyoanza na duka moja Austin, Texas, mwaka 1980 kwa kuuza vyakula visivyokobolewa wala kuchezewa kiwandani, ilinunuliwa na Amazon mwaka 2017 kwa dola bilioni 13.7. Umoja wa Mataifa nao uliutangaza mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka za jamii ya ulezi, uwele na mtama.

Kinachosahaulika ni kwamba sehemu ya mtindo huo ilianzia kwenye hospitali za hapa hapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi 1966, miaka mingi akiwa Hospitali ya Mulago. Hugh Trowell, Mwingereza, alikaa Kenya na Uganda karibu miaka 30. Wote wawili walishangazwa na kitu kimoja: maradhi yaliyojaza wodi za London, kama shambulio la moyo, kufunga choo na maradhi ya utumbo mpana, yalikuwa adimu sana miongoni mwa Waafrika waliowatibu. Mwaka 1956 Trowell na mwenzake waliona inafaa kuchapisha ripoti ya mgonjwa mmoja tu Mwafrika wa mishipa ya moyo, kwa jinsi jambo hilo lilivyokuwa geni. Waliporudi kwao walianza kuhubiri nyuzinyuzi. Si kila walichodai kimesimama hadi leo, lakini mkate wa rangi ya kahawia unaouzwa ghali katika migahawa ya Ulaya una deni kwa mtu aliyekuwa akila ugali wake kimya kimya huku daktari akimwangalia.

Safari hiyo haijaisha. Katika bonde la Ziwa Eyasi, ambalo upande wake mmoja unaingia wilaya ya Mkalama mkoani Singida, wapo Wahadzabe, na watafiti hawakauki huko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha Wahadzabe na wakazi wa mji wa Bologna, Italia, ukakuta bakteria wa tumboni mwa Wahadzabe wakiwa wa aina nyingi zaidi, jambo linalohusishwa na mizizi, ubuyu, matunda pori na asali wanavyokula. Vitabu vimeandikwa kutokana na tafiti za namna hiyo, na vidonge vinauzwa. Hakuna anayemtaka karani wa Manispaa ya Singida aende porini kuchimba mizizi. Inatosha kusema kwamba dunia inalipa nauli kuja kutazama, wakati hoteli iliyo karibu na ziwa Singidani inakaanga chipsi.

Basi kwa nini mtama ulitoka mezani? Jibu la haraka ni kwamba watu wamependa uzungu. Jibu hilo ni la kivivu. Mahindi yalishinda kwa sababu za kazi na fedha. Gunzi lina maganda yanayolifunika, suke la mtama liko uchi juu ya bua, na kwelea kwelea wakitua hawaachi kitu. Shamba la mtama linataka mtu wa kuamia ndege tangu alfajiri hadi jioni kwa wiki kadhaa. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya watoto. Watoto walipoandikishwa shule, kama ilivyopaswa, ndege wakapata nafasi. Baadhi ya wakulima wakashikilia mtama mwekundu wenye uchungu ambao ndege hawaupendi sana, nao walaji hawakuupenda sana vilevile.

Halafu kuna serikali. Katika miaka ya 1970 mahindi yaliwekewa bei moja nchi nzima, na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, likawa linasambaza sembe mijini. Baada ya ukame wa katikati ya miaka hiyo, viongozi waliona hatari ya kutegemea mahindi mikoa mikavu, wakapandisha bei za mtama, uwele na muhogo. Wakulima waliitikia vizuri kupita matarajio. Kufikia mwisho wa muongo huo maghala ya NMC yalikuwa na mtama mwingi ambao watu wa mijini hawakuutaka. Somo la kisa hicho halijazeeka: mkulima alipewa bei, akalima, mpishi na mlaji hakuna aliyewafuata.

Elimu ya lishe, kwa haki yake, haikukosekana. Mwaka 1973 ilianzishwa Taasisi ya Chakula na Lishe, na mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai ilikusanya watu kwenye vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima. Vizazi vya wanafunzi vimekariri vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili. Mwaka 2023 ukatoka mwongozo mpya wa kitaifa wa chakula na ulaji, wenye makundi sita. Yote hayo ni mema. Lakini lugha yake tangu mwanzo ni ya wajibu: kula hiki kwa sababu kinafaa. Hoteli haiuzi wajibu.

Wakati huo huo takwimu za nchi zimebadilika kwa namna ambayo Trowell asingeweza kuiamini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 uliwakuta karibu asilimia 26 wakiwa na shinikizo la juu la damu na asilimia 9 wakiwa na kisukari. Zaidi ya tisa kati ya kumi hawakuwa wakila kiasi cha matunda na mboga kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ambacho ni gramu 400 kwa siku. Utafiti wa afya ya uzazi wa 2015 na 2016 ukaonyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Watu hawa hawali nyumbani tu. Dereva, bodaboda, mwalimu aliyepangiwa shule mbali na familia, mfanyabiashara wa vitunguu, wote mlo wao mkubwa wa siku uko kwa mama lishe. Mtu anayetaka kujua afya ya mji aanzie kwenye masufuria hayo.

Sasa jambo linalotia moyo. Upo mlo mmoja wa asili ambao Singida haikuhitaji kuutetea kwa daktari yeyote: kuku wa kienyeji. Kila wiki matenga ya kuku wa Singida husafirishwa kwenda Dar es Salaam. Hotelini kuku huyo huandikwa peke yake kwenye orodha, na bei yake hupita ya kuku wa kisasa, ingawa ni mdogo, ni mgumu, na akiiva mapema ujue si yeye. Mteja hulipa bila kunung'unika. Hakuna mhudumu aliyewahi kumwambia pole. Analipia supu yenye mafuta ya njano yanayoelea, nyama inayobishana na meno, na ladha ambayo kuku wa wiki tano hawezi kuwa nayo. Kama afya imo, imeingia kwa mlango wa nyuma.

Kilichomsaidia kuku kupanda cheo kinaweza kuusaidia mtama, na mwenzake wa siku zote, mlenda.

Mlenda wa Kanda ya Kati hutokana na majani ya aina kadhaa yanayoteleza, mengi yakiota yenyewe mashambani mvua zikianza. Huchumwa kwa wingi, huanikwa, hutwangwa kuwa unga wa kijani kibichi chenye ukahawia, na unga huo huwekwa hadi kiangazi wakati hakuna jani jingine linaloonekana. Kuupika ni kazi ya dakika chache. Maji yakichemka hutiwa chembe ya magadi, unga hunyunyizwa huku mkono mwingine ukikoroga, kisha huongezwa karanga zilizotwangwa au nyanya. Harufu yake ni ya majani makavu yaliyonyeshewa. Kuula ni ujuzi: tonge la mtama hubonyezwa kwa kidole gumba mpaka lipate shimo, huchovywa, halafu mkono huzungushwa mara moja hewani ili ule uzi unaofuata ukatike kabla haujafika kwenye shati. Mwenye tai na suti nyeupe anaruhusiwa kuogopa.

Mlo huo una wanga wa nafaka isiyokobolewa, mboga ya majani, na protini na mafuta ya karanga. Mgahawa wa afya wa London ungeuandikia aya nzima ukutani. Hapa, ukiukuta hotelini, mara nyingi umefichwa: mpishi ameupika kwa ajili yake na wasaidizi wake, na mteja anauona tu kwa bahati akipita kunawa mikono. Ajabu yake ni kwamba mwenye jiko anakula vizuri kuliko anayelipa.

Lakini tuwe waadilifu kwa mama lishe. Sembe inamfikia ikiwa tayari ndani ya mfuko, nyeupe, safi, bei inajulikana. Mtama anaununua ukiwa punje, autafutie mtu wa kupepeta, aupeleke kwa mwenye mashine anayesubiri mahindi. Kisha kuna mchanga. Mtama mwingi bado hupigwa juu ya ardhi tupu, na changarawe moja chini ya jino inatosha kumfanya mteja asirudi tena mwaka mzima. Unga wenyewe hauna mnato kama wa mahindi. Unataka kuanza na uji mwepesi, mwiko wenye subira, na mara nyingi kuchanganywa na unga kidogo wa mahindi au muhogo ili ushikane. Ukipoa unakauka na kupasuka, kwa hiyo haufai kupikwa saa nne ukasubiri watu wa saa nane. Haya ni matatizo halisi ya biashara, na hotuba kuhusu utamaduni haiyatatui. Yanatatuliwa na turubai la kupigia mtama, mashine moja mjini iliyotengwa kwa nafaka ndogo, na unga uliofungashwa kwa kilo kumi unaopatikana dukani kila siku. Viwanda vya bia vinavyonunua mtama mweupe, wa mbegu kama Macia, vinadai nafaka safi na vinaletewa. Inawezekana, basi, mkoa mmoja ukawa na mtama usio na mchanga kwa ajili ya chupa na wenye mchanga kwa ajili ya sahani.

Mafuta nayo yana kichekesho chake. Singida ni jina la alizeti. Mwaka 2021 serikali iliitaja pamoja na Dodoma na Simiyu kuwa mikoa ya kuongoza kilimo cha zao hilo, wakati nchi ikihitaji karibu tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka na kuzalisha karibu tani 205,000 tu. Vinu vya kukamua vipo mjini, na mashudu yake huliwa na kuku wale wale waliotajwa. Hata hivyo ingia jiko la chipsi uangalie karai. Yale mafuta yametumika jana, juzi, pengine na siku nyingine kabla ya hapo, yamekuwa meusi na mazito, na yanaongezewa tu juu. Mafuta yakichemshwa tena na tena huharibika na kuzaa kemikali zisizofaa mwilini, yawe ya alizeti au ya mawese. Hapa ndipo mwenye hoteli angeweza kuanza bila kubadili hata chakula kimoja: alizeti ya Singida, ibadilishwe inapopaswa, na tangazo ukutani linalosema hivyo. Wateja wanaojua harufu ya alizeti iliyokamuliwa jana wataifuata wenyewe.

Kuna upande wa pili wa sifa hizi, na mtetezi wa vyakula vya asili anayeuficha anajidhuru. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu imebaki na ganda na kiini, penye nyuzinyuzi, vitamini na mafuta ya nafaka. Ila mahindi yaliyohifadhiwa na unyevunyevu hupata sumukuvu, na sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa kwenye ganda na kiini hicho hicho. Mwaka 2016, katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 walifariki. Hoteli inayotaka kuuza dona inapaswa kujua mahindi yake yametoka wapi na yalikaushwaje. Kusema ni ya asili hakutoshi.

Kadhalika, ugali wa mtama ni wanga. Mgonjwa wa kisukari anayeambiwa ale mtama kisha akajaziwa mlima wa saizi ya kichwa cha mtoto hajasaidiwa. Magadi ya mlenda yana sodiamu, na mwenye presha anafaa kuomba upikwe bila hayo, hasa ikiwa mchuzi wa pembeni umeshatiwa chumvi ya kutosha watu watatu. Asali ya Itigi ni tamu kweli kweli, na mwili unaipokea kama sukari. Mchuuzi anayeiandikia chupa yake kuwa inatibu magonjwa arobaini anaiharibia jina bidhaa isiyohitaji uongo wowote ili inunuliwe.

Yote haya yanazidi kuonyesha kuwa vyakula hivi vinapaswa kutoka kliniki na kuletwa jikoni kwa mpishi hodari. Mfano wa karibu upo Nairobi. Hadi miaka ya 1990 mboga kama managu, saga, terere na mrenda zilikuwa na jina baya mjini. Zilionekana magugu, chakula cha msimu wa njaa. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta alitumia miaka mingi kuzitafiti, mbegu zake, virutubisho vyake na jinsi ya kuzipika. Hapa nchini, mjini Arusha, Kituo cha Kimataifa cha Mboga, kilichofungua ofisi yake ya kanda mwaka 1992, kimekuwa kikiboresha mbegu za mchicha, mnavu na ngogwe. Kazi ya sayansi ilikuwa kubwa. Lakini mtu wa kawaida wa Nairobi alishawishika mezani, kwenye migahawa kama Ranalo Foods, wengi huiita K'Osewe, ambako katikati ya jiji mawakili na wanasiasa huketi na kukunja mikono ya mashati mbele ya samaki mzima, ugali na mboga chungu zilizolala kwenye maziwa. Hakuna anayewauliza wanaumwa nini. Siku hizi mboga hizo ziko supamaketi, na wakati mwingine huuzwa ghali kuliko sukumawiki. Mwaka 2022 Mganda, Edward Mukiibi, alichaguliwa kuwa rais wa Slow Food, vuguvugu la kimataifa lililozaliwa Italia kutetea vyakula vya mahali. Kanda yetu, basi, haikosi mfano wala watu.

Hatari ipo ya kuruka hatua. Dar es Salaam na Zanzibar ipo migahawa inayojitangaza kwa afya, yenye viti vya mbao, majani kwenye bakuli na mbegu zilizosafirishwa kutoka Amerika Kusini. Haina kosa, inahudumia wateja wake. Ila ikiigwa Singida, matokeo yatakuwa chumba kimoja chenye kiyoyozi kinachomuuzia mgeni wa semina uji wa ulezi kwa bei ya mlo wa watu wanne, huku bodaboda aliye nje ya mlango akiendelea na chipsi mayai. Mkoa unaolima mtama hauna sababu ya kuufanya kuwa anasa. Hatua ya kwanza ni sufuria ya pili. Mama lishe anayepika sufuria moja ya sembe apike na ndogo ya mtama au dona, kwa bei ile ile, aitaje kwenye orodha yake kwa sauti ile ile, na asiombe radhi.

Stendi ni sehemu nyingine. Mabasi yanayopita Singida kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza hayakai muda mrefu, na abiria ana njaa na haraka. Anachopata dirishani kwa wachuuzi, karanga, mayai ya kuchemsha, kuku wa kuchoma, matunda kulingana na msimu, kwa kweli kina lishe kuliko alichokuwa akikisubiri hotelini. Kinachokosekana ni usafi wa kuaminika: maji ya kunawa, vifungashio, kivuli cha kumkinga mchuuzi na chakula chake. Vikundi vya wanawake vina haki ya kuomba mikopo ya halmashauri kutoka kwenye asilimia kumi ya mapato ya ndani inayotengwa kwa ajili hiyo. Mkopo wa kununulia vyombo vya kuhifadhi chakula kikiwa moto na meza zenye kioo ungebadilisha mlo wa maelfu ya wasafiri bila kumhubiria yeyote.

Nyumba za kulala wageni zina kazi rahisi zaidi. Kifungua kinywa cha karibu kila loji mjini ni mkate mweupe, yai, soseji na chai ya sukari. Mgeni anayetoka Tanga au Bukoba hakusafiri kilomita zote hizo kula soseji. Uji wa ulezi, viazi vitamu au michembe, njugu mawe za kuchemsha, maziwa ya mgando na kijiko cha asali, vyote vinapatikana sokoni asubuhi hiyo hiyo, na gharama yake haizidi ya soseji.

Mnunuzi mkubwa kuliko wote, hata hivyo, hakai stendi wala loji. Ni ofisi ya umma. Vikao vya mabaraza ya madiwani, mafunzo ya walimu, semina za watumishi wa afya, ziara za viongozi, mikutano ya miradi, vyote vina chakula cha mchana, na chakula hicho ni bafe ile ile: pilau, wali mweupe, chipsi, kuku wa kisasa, kachumbari, soda. Ipo hata semina ya lishe inayomalizika hivyo, na washiriki hurudi makwao wakiwa na vipeperushi mkononi na gesi ya soda tumboni. Kila mwaka kati ya tarehe 1 na 8 Agosti, kwenye viwanja vya Nzuguni jijini Dodoma, Singida na Dodoma huonyesha pamoja mazao ya Kanda ya Kati kwenye Nane Nane, na mabanda ya vyakula vya asili huwa na foleni. Foleni hiyo imeundwa na watumishi wale wale. Wanakula mlenda kwa furaha, wanapiga picha, na Agosti 9 wanarudi kwenye bafe.

Halmashauri za Singida, Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni na Itigi hazihitaji sheria mpya kwa hili. Zinahitaji sharti moja katika mikataba ya watoa huduma ya chakula: mlo wowote unaolipiwa na halmashauri uwe na angalau nafaka moja isiyokobolewa na mboga moja ya majani vilivyolimwa ndani ya mkoa, upikwe kwa alizeti ya mkoa, na maji ya kunywa yawekwe mezani kabla ya soda. Mpishi akijua kuna watu mia wanaotaka mtama kila wiki, atatafuta unga usio na mchanga, na msagishaji atautengeneza. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai Mosi, karibu na msimu wa kuvuna mtama.